Mtoto wa Salfa Aliyebaki

Rutamba, Jumatatu baada ya alasiri

Mdogo wangu Saida,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa shikamoo yako ingenifika kabla hujavua viatu, kwa hiyo naiitikia mapema. Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema, wewe na shemeji yangu Yassin, na wote mnaolala chini ya paa hilo la Mtanda. Goti lake linaendeleaje? Mwambie kwa heshima zote kwamba goti halitibiwi kwa kukaa kwenye bao tangu adhuhuri hadi magharibi. Sisi huku hatujambo. Joto limeanza, mabibo ya kwanza yananukia mpaka barazani, na binti yangu Fauzia ni mzima. Anakusalimu, na anaulizia ule ukili uliomwahidi wa kumalizia mkeka wake.

Usishangae unene wa bahasha. Naandika kwa ile kalamu ya wino mzito ya kuandikia majina kwenye magunia, herufi kubwa kama za ubaoni, mistari michache kila ukurasa. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa husahau nilikuwa naeleza nini. Tena Fauzia angesikia. Barua hii ataileta mtani wetu Ambrosi, ambaye anakuja Lindi kutafuta bati.

Najua unachosubiri. Umeniambia madaktari wa macho watafika hospitalini hapo mwisho wa mwezi huu, umeliandikisha jina langu bila kuniuliza, na unataka neno moja tu: naja au siji. Nimekukwepa kila ulipopiga. Mara nilisingizia msimu wa korosho, mara nikasema macho niliyonayo yananitosha. Safari hii nakujibu. Lakini jibu lenyewe haliwezi kusimama peke yake. Inabidi nikueleze kwanza habari za Salfa, maana bila yeye hutaelewa kwa nini nimesema ninachosema.

Salfa ni yule paka uliyetuletea ndani ya kikapu cha samaki, akiwa hata kulamba sahani hajui. Wifi yako Somoe, Mungu amrehemu, ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu ya manyoya yake ya manjano yaliyopauka, kama majani ya mkorosho asubuhi baada ya kupulizwa salfa, ile dawa ya unga. Sasa ni mama mtu mzima. Mwezi uliopita alizaa ghalani, ndani ya lile tenga lililotoboka tulilokuwa tukiwekea mihogo. Fauzia aliwakuta wanne: wawili wa manjano kama mama yao, mmoja mweusi, na mmoja wa madoa ambaye, kwa maneno ya Fauzia, alikuwa kama mtu aliyepakwa masizi upande mmoja wa uso.

Fauzia aliniomba nisilisogelee tenga. Nilimjibu kwamba mimi nimefundisha sayansi kwa umri wake wote na zaidi, na najua paka mzazi anachotaka: giza, kimya, na chakula cha karibu. Nikamweleza pia kwamba paka huwa na tabia ya kuwahamisha watoto akihisi pale alipo pamezoeleka mno, na kwamba huwabeba mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, nao hulegea wasiumie. Nililieleza jambo hilo vizuri sana. Sikujua kwamba wakati naeleza, Salfa alikuwa ameshahama.

Hapa lazima niseme kidogo jinsi ninavyoona, kwa sababu wewe umekuwa ukiniuliza nami nimekuwa nikikudanganya. Nikikaa barazani asubuhi, ua wetu huwa kama umezamishwa ndani ya maji yaliyooshea mchele. Kuku hawana miguu, wanaelea. Mtu akija huwa kivuli kwanza, kisha rangi, kisha sauti, na ni sauti ndiyo inayoniambia ni nani. Mganga wa zahanati alinifafanulia, nami nakufafanulia wewe: ndani ya jicho kuna kioo kidogo chenye umbo la punje ya dengu. Ujanani ni kisafi. Uzeeni huingia weupe, kama ute wa yai unapoguswa na moto. Hauumi. Unakuja polepole hivi kwamba mtu anajifunza kuishi ndani yake, na kuna saa, hasa jua likiwa chini, ambapo si kubaya huko.

Basi siku moja Fauzia alikwenda ziwani kununua perege, na mimi nikaona ni siku nzuri ya kuanika magunia. Umeishi mjini muda mrefu, labda umesahau. Gunia lililolala ghalani tangu msimu uliopita hunyonya unyevu, na ukilitia korosho hivyo hivyo zinaota ukungu, na pale chama cha msingi watakurudishia mzigo wako mbele za watu. Kwa hiyo kabla ya soko kufunguliwa kila nyumba huanika. Kazi hiyo hapa nyumbani ni yangu. Nyingine zote nimeshanyang'anywa kwa upole, panga, kamba ya kisima, taa ya mafuta, lakini magunia nilikuwa nimeyang'ang'ania.

Nililaza bati kuukuu uani, nikaingia ghalani. Tenga sikulikaribia. Nilifuata ukuta kwa kiganja mpaka kwenye rundo la magunia, nikalikumbatia lote kwa pamoja, kama mtu anavyombeba mgonjwa. Lilikuwa zito kidogo kuliko nilivyokumbuka. Nikasema moyoni, unyevu. Pale kizingitini kitu chepesi kiliniangukia mguuni kikalia. Nikasema, kifaranga. Nikalitua rundo juu ya bati, nikatandaza machache ya juu, na yale ya chini nikayaacha yapate joto kwanza, niyageuze baadaye.

Salfa alikuja. Alijisugua miguuni kwangu, akalia, akaenda, akarudi. Nilimwambia perege bado wako ziwani, avute subira. Akapanda juu ya bati, akaruka kwa sababu lilikuwa limeshapata moto, akapanda tena. Nilisikia kucha zake zikikwaruza magunia. Nilidhani anacheza.

Usingizi ulinichukua nimekaa. Niliota niko shambani alfajiri ya kupuliza, wakati unga wa salfa haujatua, na dunia nzima ni ya manjano. Sikuiona hata mikono yangu. Chini, kwenye majani makavu, kulikuwa na kitu kidogo kinachonifuata, na kila nikisimama nacho kinasimama. Haikuwa ndoto ya kutisha. Nakumbuka hasa kwamba nilikuwa na furaha, na kwamba nilikuwa nikitembea polepole ili kinachonifuata kisichoke.

Nilizinduka niliposikia ndoo ikiwekwa chini. Fauzia hakunisalimu. Nilisikia magunia yakikunjuliwa, moja, jingine, taratibu. Baadaye alikuja akakaa karibu yangu na kusema kwamba siafu wameingia ghalani, wamewaua watoto wa Salfa, amebaki yule wa madoa peke yake, ambaye mama yake aliwahi kumwokoa. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma tangazo la kijiji. Nilisikitika, nikamuuliza siafu wametokea wapi kiangazi hiki kikavu. Akasema siafu hawana ratiba. Nikaanza kumweleza maisha ya siafu, malkia wao, njia zao, jinsi wanavyosafiri ardhi ikilowa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Saida, mtoto huyu ana adabu kiasi cha kutia uchungu.

Jioni aliwafunga wale watatu ndani ya kipande cha kanga na kuchukua jembe aende kuwafukia migombani. Nami nilifuata, kwa kuwa nilimwonea huruma. Ndipo akapita Ambrosi, akitokea uani kwetu na gunia moja begani. Huyu unamfahamu, lakini watoto wa siku hizi wamesahau kwa nini anatutukana: babu yake alishuka kutoka uwanda wa Makonde akapewa shamba na babu yetu, na tangu hapo watu wa kwao na wa kwetu ni watani. Wajua kazi ya mtani msibani. Anamwigiza marehemu, anazuia maiti njiani, anawacheka wafiwa mpaka wacheke nao, na lolote atakalosema halina kesi.

Ambrosi aliuliza msiba wa nani. Alipoambiwa, alilala kifudifudi katikati ya njia ya migombani, akasema maiti hawapiti hapa mpaka mtani apewe haki yake, na kwamba ukoo huu una uchoyo mpaka kwenye matanga. Fauzia akamwambia, Mzee Ambrosi, utachafua shati. Akajibu kwamba shati ni la msiba, na kwamba yeye ni ndugu wa marehemu kwa upande wa mkia. Nilicheka. Hata Fauzia nilimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kucheka.

Kisha aliinuka, akajifunika gunia kichwani, akaokota mti ukawa fimbo, akaanza kutembea. Mimi niliona kitu cha kahawia kikiyumba tu, lakini masikio yangu hayana ukungu. Alimwendea mbuzi wa Mama Imani, jirani yetu, akamwambia shikamoo mwalimu mkuu, habari za wanafunzi. Akaigiza kumimina chai pembeni ya kikombe, akainywa, akasifu sukari. Akakohoa kikohozi changu mimi. Halafu, kwa sauti yangu ya darasani, akaeleza kwamba siafu ni mdudu mwenye miguu sita, isipokuwa siafu wa nyumba hii, ambao wana miguu miwili, huvaa kofia ya viua, na huanika magunia bila kuangalia ndani.

Hakuna aliyecheka. Fauzia alimwambia aondoke, na safari hii alimwita Ambrosi tu, bila mzee. Ambrosi alivua gunia. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, kwamba kama mtani hatalisema hili, basi halina msemaji, kwa sababu binti yangu ana adabu, majirani wana adabu, msikitini wote wana adabu, wananiondolea mawe njiani kabla sijapita, nami nadhani njia ni nzuri. Kisha alimpokea Fauzia jembe, akalichimba kaburi yeye.

Sikumuuliza Fauzia kitu mbele ya Ambrosi. Nilirudi uani nikayapapasa magunia, moja baada ya jingine, mpaka nikalifikia lenye manyoya laini na harufu ya maziwa yaliyokauka. Fauzia alinikuta nimelishika. Hapo ndipo aliponieleza alivyowakuta, wamelala pamoja kama walivyolazwa na mama yao, na kwamba wa madoa aliangukia kizingitini ndiyo maana yuko hai. Nilimuuliza kwa nini siafu. Alisema hakupata neno jingine la karibu.

Sasa nikwambie habari za huyo aliyebaki, ambaye Ambrosi alimpa jina la Shahidi, ati kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kunifunga.

Kumbe kunusurika na jua kulikuwa mwanzo tu. Salfa alikuwa hatulii. Alizunguka ua akiita, ile sauti ya chini, ya ndani ya koo, ambayo paka huwaitia wadogo peke yao. Alikwenda kwenye bati, akakaa, akasikiliza. Matiti yake yalivimba yakawa magumu na ya moto, kwa kuwa maziwa ya wanne yalikuwa yakingoja mnyonyaji mmoja, na huyo mmoja akigusa tu humuumiza. Basi akawa hakubali kumlaza kifuani. Alikuwa akimbeba kwa shingo, kutoka ghalani mpaka uvunguni mwa kitanda changu, kutoka uvunguni mpaka nyuma ya mafiga, kama mama anayetafuta nyumba isiyo na magunia, kisha anamwacha hapo na kwenda kuita wengine. Mtoto akaanza kupoa.

Mtoto wa paka hawezi kujitengenezea joto, Saida. Ukimshika akiwa baridi, usikimbilie kumpa maziwa, maana tumbo lake limelala na maziwa yatamkalia kama jiwe. Kwanza joto, kisha chakula. Nilimtia ndani ya kofia yangu, kofia nikaitia ndani ya fulana, kifuani. Alikuwa mwepesi kama ganda la korosho. Nilikaa hivyo mpaka nilipohisi ametikisa mguu. Fauzia alipata maziwa kwa Mama Imani, ya yule mbuzi aliyepewa ualimu mkuu, akayachanganya na maji kidogo ya moto, na kutoka duka la dawa za mifugo alileta bomba dogo bila sindano yake. Tone moja, ngoja, tone jingine. Analishwa akiwa kifudifudi, si chali kama mtoto wa mtu, yasije yakaingia mapafuni. Akimaliza, unampangusa chini ya mkia kwa pamba yenye maji vuguvugu, kwa sababu asipolambwa na mama hajui kukojoa.

Fauzia alitaka kunipokea kazi hiyo. Nilikataa, na nilipokataa niligundua jambo. Haihitaji macho. Unasikia akimeza. Unahisi tumbo likijaa chini ya kidole. Ilikuwa ni kazi ya kwanza kwa muda mrefu ambayo niliifanya bila kujifanya. Nilikaa naye barazani, ua ukielea mbele yangu kama kawaida yake, na mapigo ya moyo wake yakinigonga kifuani haraka haraka, juu ya mapigo yangu ya polepole, na kuna wakati nilisinzia nisijue yapi ni ya nani.

Ambrosi alikuja kila siku kukagua. Alisimama nje ya baraza na kubisha hodi kama anayeingia kwa mzazi, akauliza ruhusa ya kumwona mtoto, akasema sura ni ya mama lakini ubishi ni wa baba. Alileta uji wa ulezi kwenye kopo, ati mzazi hawezi kutoa maziwa kwa kula ugali mtupu. Uji ulikuwa wangu. Niliunywa. Hatukuzungumza habari za siku ile, na sidhani kama kuna haja. Fauzia alirudi kumwita mzee baada ya siku chache, kwanza kwa baridi, kisha kama zamani.

Salfa naye tulimshughulikia. Fauzia alimfunga kanga asiturarue, mimi nikamkanda matiti kwa kitambaa cha maji ya moto, nikiyasukuma maziwa yatoke kidogo kidogo. Alinichana mikono. Kila siku ugumu ulipungua, mpaka asubuhi moja alikuja mwenyewe bila kufungwa, akapanda mapajani kwangu, akajilaza ubavu. Nilimtoa Shahidi kwenye kofia nikamweka chini, nikaondoa mkono. Alipapasa, akapotea, akapapasa tena. Kisha nikasikia ananyonya, sauti ndogo kama ya mtu anayetembea kwenye matope, mbali. Salfa akaanza kukoroma kwa raha. Hakuita tena siku ile, wala baada ya hapo.

Nilidhani mambo yameishia pale. Lakini siku moja Fauzia alisema Shahidi amefungua jicho. Nilikuwa nimemkataza kulisafisha kwa nguvu, maana kope za mtoto wa paka hufunguka zenyewe wakati wake ukifika, na wanaoziharakisha kwa maji na kidole huharibu. Nilimwinua mpaka pua yake ikagusa yangu. Niliona madoa, au nilidhani nayaona. Jicho sikuliona. Nikamuuliza Fauzia ni la rangi gani. Akasema buluu, lakini si buluu yenyewe, ni kama moshi wa kuni mbichi. Nikamweleza kwamba mwanzoni huwa hivyo, kwamba kuna ukungu ndani ya jicho jipya, anaona vivuli tu, na kwamba ukungu huo hujiondokea. Fauzia akaniuliza, na wako, baba?

Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Ulidhani naogopa kisu. Yassin alidhani sitaki kuwa mzigo nyumbani kwenu. Nyote wawili mlikosea, nami niliwaacha mkosee kwa sababu ukweli wenyewe ulinitia haya. Fauzia huvaa kanga za mama yake. Hana nia yoyote, ni nguo nzuri bado. Asubuhi anapovuka ua na ndoo kwenda jikoni, kabla hajasema neno, mimi namwona Somoe. Sisemi namkumbuka, Saida. Namwona. Ule mwendo wa kuegemea upande mmoja, ile nyekundu ya kanga ikielea kwenye weupe. Nilikwambia kwamba kwangu mtu huwa kivuli, kisha rangi, kisha sauti. Kabla ya sauti kuna nafasi ndogo, na ndani ya nafasi hiyo mke wangu yuko hai na anakwenda kuinjika chai.

Kwa hiyo sikutaka kioo kisafishwe. Nilijua daktari akiutoa ule weupe atamtoa na yeye. Nilifika mahali pa kuamka mapema kuwahi kukaa barazani, kumsubiri. Nilimwambia Fauzia asinisalimu kwa mbali, nikasingizia masikio, kumbe nilitaka kile kivuli kikae kimya muda mrefu zaidi. Yeye akatii. Hiyo ndiyo raha niliyokuwa nikiilinda kwa visingizio vyangu vyote vya msimu, na waliolipa ni wale watatu walioko migombani.

Hata baada ya kuwafukia, nilikuwa bado sijaamua. Nataka ulijue hilo, usinifikirie mema kuliko nilivyo. Nililea Shahidi kwa mikono yangu nikiamini kwamba hiyo inatosha, kwamba nimelipa. Ila juzi niliingia ghalani kuyatoa tena magunia, nikayainua, na rundo likacheka. Alikuwa Imani, binti mdogo wa jirani, aliyejificha humo, na anayedhani babu Nurdin anacheza naye. Nilimshusha chini, nikakaa pale pale sakafuni, na yeye akaendelea kucheka, akaniuliza kama nimemwona. Nilisema nimemwona.

Naja, Saida. Ambrosi atanishika mkono tutakaposhuka Lindi, na ameshaapa kunitukana njia nzima ili abiria wasinihurumie. Hakutumii salamu, anasema mtani hatumi salamu kwa mtu atakayempikia wali, anatuma njaa. Fauzia atabaki na Salfa na mtoto wake, ambaye sasa anapanda kwenye mguu wangu mpaka gotini kisha anasahau namna ya kushuka. Magunia nimemkabidhi yeye. Msalimie Yassin na watoto, na umwambie imamu wenu aniombee dua.

Nina ombi moja tu. Wewe na wifi yako mlikuwa na kimo kimoja, na kanga mlikuwa mkinunua jozi mkagawana. Siku watakaponifungua kitambaa, najua utakuwa umesimama mbele yangu. Usikae kimya kungoja niseme naona nini. Anza kusema wewe, hata kama ni kunigombeza, kabla sijainua uso.

Mungu akuweke, na nyumba yako iwe na heri.

Ndimi kaka yako,
Nurdin